Diski ninazobebea shughuli za wanawake: niliyoizika na nilizobaki nazo

Kwenye shughuli ninazopiga video mimi, simu hukusanywa mlangoni. Mama mmoja hukaa na kikapu, kila anayeingia anatumbukiza yake humo, ndipo anapita ndani kuvua baibui. Kamera zinazobaki ni mbili tu, na zote ni zangu. Mwaka wa saba huu nafanya kazi hii Tanga: singo, usiku wa hina, kupamba, yale ya wanawake peke yao. Kwa hiyo mtu akiniuliza diski gani ya nje inafaa, jibu langu haliwezi kufanana na la kijana anayebebea muvi.

Wengi hunishangaa kwa nini sihifadhi mtandaoni, nikaepuka kubeba vyuma. Kwanza bando. Kamera zangu hurekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, yaani kama GB 45 kila saa. Shughuli ya saa 4 kwa kamera mbili ni GB 360. Nikizipandisha kwa bando la simu, bibi harusi atajifungua hazijafika nusu. La pili ni kwamba wenyewe hawataki. Waeleze utakavyo kwamba zimefungwa kwa nywila, wao katika maneno yako yote wameshika moja tu: mtandaoni.

Diski yangu ya kwanza ilikuwa ya TB 1, ya sahani zinazozunguka. Kampuni siitaji, maana kosa lilikuwa langu. Ilinitumikia miaka miwili na nusu bila kisa. Nikirudi na kadi za kamera namwaga kila kitu kwenye diski, kisha nafuta kadi niende nazo shughuli nyingine. Nikijisifu kwamba nina akiba, kumbe nilikuwa nahamisha tu: mali ilitoka mfuko huu ikaingia mfuko ule, na mfuko ukawa mmoja siku zote.

Jioni moja naediti, umeme ukakatika. Kompyuta ikaendelea kwa betri, diski nayo ikaendelea kuzunguka. Mdogo wangu akainuka gizani kutafuta tochi, mguu ukanasa kwenye waya. Ilianguka kutoka kwenye meza ya cherehani, urefu hata mita haufiki. Haikupasuka wala haikuchubuka. Nilipoichomeka tena ikaanza: tik, tik, tik, kimya, tik, tik. Aliyewahi kuisikia sauti hiyo hahitaji kuelezwa.

Nikapanda basi hadi Dar kwa fundi niliyeelekezwa. Akaiweka sikioni kama mtu anayepima nazi, akasema kichwa cha kusomea kimegusa sahani. Kile kichwa huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele, ndiyo maana diski inayozunguka haitaki kuanguka hata kidogo. Ikiwa imezimwa huvumilia zaidi. Akasema anaweza kujaribu. Bei aliyotaja ilizidi ya kamera yangu ya kwanza, lakini si bei iliyonikata maini. "Ila dada," akasema, "zikirudi itabidi nizifungue niangalie kama zimerudi nzima."

Nikatoka nje nikampigia mwenye shughuli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Video yetu tayari?"

Nikamweleza yote, pamoja na sharti la fundi. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekatika.

"Huyo fundi ni mwanamume?"

"Ndiyo mama."

"Basi iache ife. Na hiyo diski uniletee mimi."

Nilimpelekea wiki hiyo hiyo, na fedha yake yote nikamrudishia. Alinipeleka uani, akaiweka juu ya jiwe, akanikabidhi mchi wa kinu. Sahani za hizi diski ndogo nyingi ni za kioo, mimi sikujua. Pigo la tatu zilivunjika ndani kwa mlio wa balbu. Akaitikisa sikioni, akaridhika, akaniuliza kama nimekula.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kununua diski kwa akili. Ninayotembea nayo sasa ni Samsung T7 Shield ya TB 2. Hii ni SSD, haina sahani wala kichwa, kwa hiyo hakuna kitu cha kugusana. Ina ganda la mpira, kampuni inasema inavumilia kuanguka kutoka mita 3, na ina kiwango cha IP65 cha kuzuia vumbi na maji ya kurushiwa. Mita 3 sijaijaribu, Mungu aepushe, ila imeshaanguka kwenye bajaji mara mbili na inadunda. Uzito wake ni gramu 98. Kilichonifanya niichague ni nywila: diski yenyewe hufunga kila kinachoingia, na asiye na nywila akiiokota atapata kipande cha mpira tu. Ila ukiisahau hiyo nywila hakuna wa kumlilia; utaweza kuianzisha upya, lakini vilivyomo vitakuwa vimekwenda.

Kuhusu kasi, usibebwe na maandishi ya kwenye boksi. Ya kwangu imeandikwa megabaiti 1,050 kwa sekunde. Sawa, lakini kadi zangu za kamera hutoa kama 90 tu, kwa hiyo kumwaga shughuli nzima huchukua saa moja na dakika kadhaa, karibu sawasawa na diski ya sahani. Tofauti utaiona ukiediti moja kwa moja kutoka humo. Nikifungua kamera zote mbili kwa pamoja picha haikwami, wakati ile ya zamani ilikuwa ikigugumia kwa sababu kichwa kinaruka huku na huku kutafuta vipande.

Ya kukaa nyumbani ni Transcend StoreJet 25M3, ya sahani, TB 2 pia, yenye gamba la mpira na waya wa mdomo bapa. Nimeiwekea VeraCrypt, programu ya bure ya kufunga diski. Hiyo haitoki. Inakaa kabatini kwenye bati la biskuti na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, maana hewa ya bahari ya huku inajulikana. Na usishtuke TB 2 ikisoma 1.81 kwenye kompyuta. Hujaibiwa, kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024.

Kuibiwa kwenyewe ninakujua. Niliwahi kuuziwa barabarani SSD ya TB 16 kwa bei ya chakula cha watu wanne. Ikasoma TB 16 kweli, mafaili yakaingia, ila video yoyote iliyopita ujazo wake halisi ikafunguka nyeusi. Nikaipasua: ndani mlikuwa na kadi ndogo ya memori na kipande cha chuma kilichogundishwa kuongeza uzito. Siku hizi kila diski mpya naipitisha kwanza kwenye H2testw, programu ya kupima ujazo halisi wa diski, hata ikichukua usiku kucha.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali. Mimi natimiza kwa ujanja wa kimaskini. Nakala moja iko kwenye SSD, ya pili kwenye bati la biskuti, na ya tatu ni kadi zenyewe, ambazo sizifuti mpaka mteja achukue kazi yake. Kadi hizo hulala kwa shangazi, barabara ya pili. Gharama iliyoniumiza zaidi ni hiyo ya kununua kadi nyingi, kuliko hata diski.

Kukabidhi nako kuna vituko vyake. Flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, usiopokea faili moja la kufika GB 4, nawe una video ya saa mbili. Ukiipanga upya kwa mpangilio wa exFAT inaingia, halafu mteja anapiga simu kwamba televisheni yake ya zamani haioni kitu. Sasa nauliza televisheni kwanza kabla ya kuuliza rangi ya kava. Wa televisheni kuukuu namkatia vipande.

Mteja akishachukua kazi yake, anaandika jina kwenye daftari, na baada ya siku 90 nafuta mbele ya mtu wake akitaka kushuhudia. Wapo wanaoniomba nisifute, niwawekee tu. Hao nawaambia waje na diski yao na bati lao la biskuti.