Twin Peaks, sehemu ya tatu: ramli ya Cooper na msiba wa Leland

Kama ulianza Twin Peaks ukakwama, vumilia ufike sehemu ya tatu, ukihesabu na ile ndefu ya kwanza. Tamthilia hii ya David Lynch na Mark Frost ilitoka Marekani mwaka 1990, na inaanza na maiti ya binti wa shule, Laura Palmer.

Humu Cooper, mpelelezi wa FBI, anawapeleka polisi wa mji porini. Anatajiwa majina ya washukiwa yenye herufi J, na kila likitajwa anarusha jiwe kulenga chupa. Mbinu hiyo anasema ilimjia ndotoni. Dada yangu, tuliyekuwa tunaangalia naye hapa Nkuhungu, akasema papo hapo, "Huyu si anapiga ramli!" Ndiyo, ni ramli kabisa. Nilichopenda ni kwamba hakuna anayemcheka. Truman, mkuu wa polisi, anasimama naye mpaka mwisho.

Kilichoniumiza zaidi ni Leland, baba wa marehemu. Anawasha muziki, anakumbatia picha ya mwanawe na kucheza nayo huku analia. Kioo kinavunjika, damu inapaka uso wa Laura, mkewe anapiga kelele. Na ndani wako wawili tu! Mtoto hajazikwa. Hapa Dodoma turubai lingefungwa siku ileile, kina mama wangekuwa nyuma wanasonga ugali, wanaume wangekesha na baba mfiwa. Upweke wa nyumba ile ulinitisha kuliko ndoto nyingine ya Cooper, ile ya chumba chekundu mwishoni mwa sehemu hii, ambayo ndiyo inayosifiwa na kila mtu. Ndoto ni nzuri, sibishi: waigizaji walitamka maneno kinyumenyume, kisha sauti ikageuzwa, kwa hiyo inasikika kama lugha na si lugha.

Ila Nadine, mkazi mmoja wa mji, na mapazia yake yasiyopiga kelele yalinichosha. Na wale ndugu wawili wanaoongea midomo imejaa mikate ya Paris? Vituko vinavyomgusa Laura vina uzito. Hivi vingine vinajaza muda tu.

Halafu Cooper anaamka, anapiga simu, anasema muuaji anamjua lakini atamtaja asubuhi. Hapo nilikasirika kweli. Mtu ameuawa, jina unalo, unalala?

Nyota nne kati ya tano. Kwenye chumba chekundu soma maandishi ya chini, la sivyo hutaambulia kitu.