Kitini changu cha Mac kilivyosahihishwa Kamalondo: nyota tatu

Mwezi uliopita nilipeleka kitini changu cha kufundishia Mac, kompyuta za Apple, kwenye duka moja la kuchapa na kufotokopi, Kamalondo hapa Lubumbashi, wabadilishe jina la zamani la mfumo na kukichapa upya. Kurasa 64. Nilikiandika 2014, enzi za toleo la Mavericks, wakati mfumo unaoendesha Mac ukiitwa OS X, na kila darasa jipya lilikuwa likiniuliza hiyo OS X ndiyo nini. (Sisi wenyewe tuliisoma "iksi" miaka yote, kumbe ile X ni kumi ya Kirumi.) Apple waliiita macOS tangu 2016, mimi ndiye niliyekuwa nikiikwepa kazi. Tulipatana dola 30 kwa siku tatu.

Siku ya tatu kilikuwa tayari, ingawa umeme ulikatika jioni mbili mfululizo. Karatasi nzito, uzi umekaza vizuri mgongoni. Hapo sina neno.

Nafungua ukurasa wa 3, nakuta "Mac macOS". Kijana wa duka aliiamuru kompyuta ibadilishe kila "OS X" iwe "macOS", akaenda zake kunywa chai. Lakini ile ilikuwa sura ya historia! Toleo la Tiger la 2005 liliitwa Mac OS X, na jina jipya lilianza na toleo la Sierra, yaani 10.12. Tiger wangu akabatizwa upya bila kuulizwa.

Ukurasa wa 41 ndio ulionikera kabisa. Hapo mwanafunzi anaandika amri sw_vers kwenye Terminal, programu ya kuandikia amri, ili ajue toleo lake. Mac zetu za darasani ni za mitumba, nyingi zimeishia toleo la Catalina, na Catalina ukiiuliza hivyo bado inajibu "Mac OS X". Jibu hilo lilikuja kubadilika kwenye toleo lililofuata, Big Sur, 2020. Kitini kipya kinasema lazima uone "macOS". Jumatatu binti mmoja aliifuta amri na kuiandika tena mara nne, akidhani amekosea herufi.

Nikarudi dukani. "Lakini Mama, jina si njo ileile?" kijana akaniuliza, kwa adabu kweli. Nikavuta kiti, tukapitia mahali pamoja baada ya pengine, karibu saa mbili. Tukakuta na kosa la upande wa pili: "Préférences Système", yaani mahali pa kupangia mipangilio ya Mac, ambayo tangu toleo la Ventura la 2022 ni "Réglages Système", ilikuwa imeachwa vilevile, maana haina "OS X" ndani yake. Hilo nalo ni langu, sikumwambia.

Marudio hakunitoza, na soda alininunulia. Picha za skrini ndizo zimebaki za zamani, kwa sababu pale dukani hawana Mac hata moja ya kuzipigia. Nitazipiga mwenyewe.

Ukienda na kitini chako, mtilie kijana alama ya bic nyekundu kila mahali ambapo jina la zamani halipaswi kuguswa. Na nenda asubuhi, kabla foleni ya fotokopi haijafika mlangoni.