Kibanda cha muvi Ngamiani: huduma safi ila komedi zimechoka

Kama unatafuta pa kujaziwa muvi kwenye flashi hapa Tanga, kuna kibanda Ngamiani mi ndo naendaga, vijana wana spidi, bei poa, na faili likigoma wanakubadilishia bila maneno. Hapo sina neno nao. Shida ni lile folda la komedi jamani!! Kila ukifungua ni yaleyale, mwanaume kavaa dera kajaza matambara kifuani, mshamba kaingia mjini anashangaa lifti, mtu kajamba wote wanaziba pua, halafu ule mlio wa toiiing kila mtu akianguka, yani mlio ndo unakuambia hapa ucheke. Kuteleza kwenye ganda la ndizi Charlie Chaplin alishafanya 1915, mpaka leo bado watu wanateleza tu?

Inaniuma kwa sababu huu ni mji wa King Majuto, Mungu amrehemu, alitutoka Agosti 2018. Mzee yule hakuhitaji mlio wowote, anakutolea jicho tu ushacheka, na ukirudia kesho unacheka tena maana kichekesho kiko kwa mtu mwenyewe, ubahili wake, uongo wake, anavyohangaika akibanwa.

Kwa hiyo ukienda waambie wakuwekee za Majuto za zamani, wanazo, na omba kuonjeshwa kidogo kabla hujalipa, hawakatai. Nawapa nyota 3, wakilichambua hilo folda nawapa 5 zote.