Tathmini ya huduma: Kupandikizwa kongosho na figo kwa pamoja

Mgonjwa wa kisukari aina ya kwanza ambaye figo zimeshindwa huahidiwa mambo mawili: kuachana na mashine ya kusafisha damu na kuachana na insulini. Yote yanawezekana, ila hayana uzito sawa. Kongosho mpya, kiungo kinachotengeneza insulini, ikifa, mgonjwa hurudi kwenye sindano. Figo ikifa, hurudi kwenye mashine, na hatari ya kifo, hasa cha moyo, hupanda sana.

Faida ya kongosho kwa uhai huja polepole. Sukari ikikaa sawa miaka mingi, figo mpya huepuka maradhi yaliyoiua ile ya kwanza. Miezi ya mwanzo, hata hivyo, upasuaji huu una hatari kuliko wa figo peke yake, kwa hiyo moyo upimwe vizuri kabla. Na kama ndugu yupo tayari kutoa figo, kwa maoni yetu ipokelewe sasa, kongosho ifuate baadaye. Kusubiri kongosho ukiwa kwenye mashine kunakula umri.

Udhaifu mkubwa ni damu kuganda. Damu hupita taratibu ndani ya kongosho, hivyo mshipa huziba kwa urahisi, mara nyingi siku chache tu baada ya upasuaji. Sukari hupaa ghafla, tumbo huuma, na mara nyingi kiungo hutolewa. Kongosho kukaa kwenye barafu muda mrefu kabla ya kupandikizwa huongeza hatari. Vituo vingi hulenga chini ya saa 12.

Kinga ya mwili ikianza kukikataa kiungo, sukari ni shahidi anayechelewa: ikipanda, seli nyingi za insulini zimeshakufa. Viungo vyote vikitoka kwa mtu mmoja, kreatinini (taka ya damu inayopanda figo ikidhoofika) huweza kutoa ishara mapema, pamoja na lipezi (kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu). (Kongosho iliyofuata baadaye kutoka kwa mtu mwingine haina king'ora hicho cha figo.) Kliniki inayopima sukari peke yake tunaipa alama ya chini kabisa.

Takrolimasi ya kawaida, dawa ya kutuliza kinga isikatae kiungo, humezwa kila baada ya saa 12, na damu ya kupima kiwango chake hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi. Ukimeza kwanza, kipimo kitasoma juu, dozi itapunguzwa bila sababu, na kinga itapata mwanya. Ikizidi kweli, dawa hiyohiyo huumiza figo na kupandisha sukari. Rifampisini (dawa ya kifua kikuu) hushusha kiwango cha takrolimasi, flukonazoli (dawa ya fangasi) hukipandisha. Mtu wa duka la dawa aambiwe.

Kabla ya kusaini, uliza kituo ni wagonjwa wangapi kati ya 10 ambao viungo vyote viwili vinafanya kazi baada ya mwaka 1. Uliza pia kama kwao "inafanya kazi" ni kutotumia insulini kabisa, au hata anayechoma dozi ndogo amehesabiwa.