Gari la kuvutia tela ya viazi nyanda za juu: lipi linunuliwe kwanza

Mkulima wa viazi wa Isyonje, mkoani Mbeya, akishachomelewa tela, swali lake la kwanza ni gari gani lina nguvu ya kupanda. Mimi humwomba aulize kwanza ni gari gani litakaloishika tela wakati wa kushuka. Mlimani gari likishindwa, linasimama. Kwenye mteremko, tela ndiyo inayosukuma.

Nililijua hilo msimu mmoja wa mvua, nikiteremka kuelekea Uyole na gunia kumi na mbili nyuma ya gari dogo la familia. Tela ilianza kucheza kulia na kushoto, breki zikanuka, kanyagio likalegea mguuni. Tulipofanikiwa kusimama tulishusha gunia tano kando ya barabara, na mwenzangu akabaki kuzilinda hadi jioni.

Basi anza na mzani. Gunia kumi za kilo 100 ni tani moja. Tela tupu ya tairi mbili ina kilo 350 hivi. Tayari ni kilo 1,350, na lumbesa ikiingia hesabu hiyo imeshavunjika. Wazoefu wa tela Uingereza humshauri anayeanza asivute uzito unaozidi asilimia 85 ya uzito wa gari lake. Kwa mzigo huu, gari lisiwe chini ya tani 1.6. Na tela yenyewe iwe na breki: nchi za Ulaya zinadai hivyo kwa tela inayozidi kilo 750, nao wengi wao hawana miteremko mikali kama Kitonga wala Iwambi.

Jambo la pili ni hewa. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya bahari, na Isyonje ni juu zaidi ya hapo. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo gari lililovuta vizuri Dar es Salaam linaweza kukuaibisha huku.

La kwanza kwangu ni Hilux ya dizeli yenye tabo, ile ya 3.0 D-4D iliyotoka kuanzia 2005. Ina chesi kamili, yaani fremu ya chuma chini ya bodi, ina uzito wa kutosha, inavuta kuanzia mzunguko wa chini, na spea zake zipo hata Makambako. Udhaifu wake ni nozeli, hazipendi dizeli chafu. Badilisha filta mapema na usinunue mafuta ya madumu.

La pili ni Land Cruiser pikapu, ile inayoitwa mkonga, yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2. Kwa kushuka hakuna linaloishinda: ni zito, na ukiweka gia ya pili injini yenyewe inazuia. Nimeliweka la pili kwa sababu ya bei tu, na kwa kuwa halina tabo, mlimani utakwenda polepole. Mwenye mzigo mzito kila wiki aliweke la kwanza.

La tatu, Land Rover Defender 110 ya 300Tdi. Inavuta vizuri na ina tabo, lakini inunue ukiwa na fundi anayeijua, maana ikichemsha mara moja kichwa cha injini kinaweza kupinda.

Prado ya dizeli inafuata. Kama ni ya oto, mafuta ya giaboksi hupata moto mlimani, hivyo funga rejeta yake ya ziada. Noah na RAV4 za zamani, nyingi hazifikii ile tani 1.6. Zibebe abiria.

Kabla hujalipa, ingia chini ya gari utazame nyuma ya chesi, pale chuma cha kuvutia kinapofungwa. Ukiona nyufa au mchomeleo mpya, ondoka. Kisha omba ulijaribu na mzigo, na mzigo huo uegemee mbele kidogo ya ekseli, kiasi cha moja ya kumi ya uzito wa tela ikandamize ndoano. Shuka nalo mteremko mmoja kwa gia ya pili bila kung'ang'ania breki. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mwachie gari lake.