Uzoefu wangu: wiki sita za darasa la kusoma kwa ajili ya IELTS, Arusha

Mimi ni mwongoza watalii, na kwa miaka minane nimekuwa nikizungumza Kiingereza karibu kila siku, kuanzia lango la Tarangire hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro. Nilipoamua kuomba nafasi ya shahada ya uzamili nchini Uingereza, sikutegemea kwamba sehemu ya kusoma ya IELTS, yaani mtihani wa kupima Kiingereza, ndiyo ingenitoa jasho. Nilijipima nyumbani Sakina, nikapata majibu 21 kati ya 40. Ndipo nikalipa shilingi 280,000 kwa darasa la jioni katika kituo kimoja mjini, siku tatu kwa wiki.

Somo lililorudisha fedha yangu lilikuja mapema. Katika mtihani huo kuna maswali ambayo mtahiniwa hupewa sentensi na kutakiwa aseme kama ni kweli, si kweli, au haikutajwa kwenye kifungu. Siku ya pili tulipewa kifungu kuhusu uhamaji wa nyumbu, na sentensi mojawapo ilidai kuwa nyumbu huvuka Mto Mara. Niliandika "kweli" bila kusita, maana nimewaona wakivuka mara nyingi kuliko mtu yeyote mle darasani. Mwalimu akaniambia, "Kaka, nionyeshe mstari." Nilipekua aya zote tano, nikakuta mvua, majani mabichi na ndama wanaozaliwa kusini mwa Serengeti, lakini mto haukutajwa hata mara moja. "Mto unao wewe kichwani," akasema, "kifungu hakina." Tangu jioni ile sijibu swali kabla kidole changu hakijagusa mstari.

Alitufundisha pia kutotafuta neno lilelile la swali, kwa sababu swali likisema "upungufu wa chakula", kifungu huenda kikasema kwamba malisho yalikauka. Palipoagizwa maneno yasiyozidi mawili, alikuwa akikata jibu la maneno matatu hata kama maana ni sahihi, kama mtihani wenyewe unavyofanya. Nafasi tupu hakuiruhusu kabisa, kwani jibu lisilo sahihi halipunguzi alama.

Malalamiko ninayo. Nakala tulizopewa zilikuwa zimefifia kiasi kwamba mistari ya chini ilisomeka kwa kubahatisha. Kubwa zaidi ni muda: mtahiniwa ana dakika 60 kwa vifungu vitatu na maswali 40, bila dakika za ziada za kuhamisha majibu, ilhali sisi hatukupimwa kwa saa hadi wiki ya tano, na wenzangu kadhaa hawakufika kifungu cha tatu.

Kwenye mtihani wenyewe nilipata daraja la 7 kati ya 9 katika kusoma. Anayetaka kujiunga aulize kabla ya kulipa kama mazoezi hupimwa kwa saa tangu wiki ya kwanza. Mimi nilijipimia kwa simu, ndani ya gari, nikisubiri wageni watoke kwenye chakula cha mchana.