Vidonge vya GS-441524 kwa Paka Mwenye FIP: Tathmini ya Mfugaji

Hadi miaka michache iliyopita, mfugaji aliyeelezwa kwamba paka wake ana FIP (kifupi cha jina la Kiingereza, feline infectious peritonitis) alitakiwa ajiandae kumpoteza, kwa kuwa ugonjwa huu, unaozuka pale virusi vya korona vya paka vinapogeuka ndani ya mwili wa paka mwenyewe, uliua karibu kila uliyemshika. GS-441524, dawa inayozuia virusi hivyo kuzaliana, imeibadili hali hiyo. Mwaka 2019 Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya paka 31 waliodungwa dawa hiyo, na 25 kati yao walinusurika kwa muda mrefu.

Paka wangu ameitumia hapa Uingereza, ambako madaktari wa mifugo wanaweza kuiagiza kihalali tangu mwaka 2021, nami naisifu bila kusita. Homa ilishuka ndani ya siku chache, kisha tumbo lililojaa maji likaanza kunywea, na hamu ya kula ikarudi. Vidonge navipendelea kuliko sindano, kwani dawa ya kudunga ina asidi, huuma sana na huweza kuacha vidonda mgongoni. Kipande cha kidonge kikifichwa ndani ya minofu ya samaki humezwa bila vurugu.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba kidonge peke yake kinatosha. Paka aliyedhoofika huhitaji dripu, dawa ya kuzuia kutapika na ya kumrudishia hamu ya kula, na maji yakijaa kifuani hadi akahema kwa shida, daktari huyavuta mara moja. Zaidi ya yote, mpime uzito kila wiki: dozi hukokotolewa kwa kilo, na paka anayepona huongezeka haraka, hivyo dozi ya mwezi uliopita huenda ikawa pungufu leo. Ugonjwa ukiwa umefika machoni au kwenye ubongo, dozi huwa kubwa zaidi.

Kasoro yake ni gharama, maana tiba ya kawaida huchukua siku 84, na vipimo vya damu hulipiwa kando. Utafiti uliofanywa Munich, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2024, ulihusisha paka 40 wenye FIP ya maji, yaani ile inayojaza maji tumboni au kifuani, na kuonyesha kwamba siku 42 zilifaa sawa na 84. Mwenye paka wa aina hiyo na amuulize daktari wake habari hii kabla ya kununua vidonge vyote.